Shati la Buluu Karibu na Besi ya Pili

Jumapili, 2 Juni

Mwalimu,

Shikamoo. Ulisema simu inakuumiza sikio, na mwenye neno la maana aandike. Haya, nimekaa na kalamu kama mtoto wa shule, na ukikuta makosa usinirudishie barua ikiwa na wino mwekundu.

Tangu mwanao aje kukuchukua ukaishi naye, huku tumebaki yatima. Ligi ya softiboli ya wanawake inaendelea kila Jumamosi mchana, lakini chama hakijaleta mwamuzi wa kushika nafasi yako. Nachezesha peke yangu. Nasimama nyuma ya mdakaji, natazama mpira unavyorushwa, natazama besi zote wanazokimbilia, na ukipigwa mbali natoka mbio kuufuata. Nikirudi nyumbani miguu inawaka moto. Hata shati wametubadilishia waamuzi, sasa tunavaa la kijivu. Lile la buluu eti lina joto.

Sasa sikia. Jana wauguzi walicheza na watu wa posta. Unamkumbuka Cheche, yule muuguzi mwembamba anayekimbia kama ameiba. Alikuwa besi ya pili, mwenzake akapiga mpira mzuri, Cheche akachomoka kwenda ya tatu. Njiani akasimama ghafla, akapepesuka kama mtu aliyejigonga mlangoni, akainua mkono kuomba radhi. Alipoanza tena kukimbia mpira ulisharudi, wakamgusa nao, ametoka. Akanijia analia.

"Mwamuzi mwenzako kanizuia," akasema.

Nikamwuliza mwamuzi gani. Akageuka kumwonyesha, hakukuwa na mtu, mkono bado uko juu.

Nikamwambia kanuni kama ulivyonifundisha: mwamuzi ni sehemu ya uwanja, ukimgonga kwa bahati mbaya ni sawa na kujikwaa, hakuna fidia, mchezo unaendelea. Nimetoa hukumu hiyo mbele ya watu, Mwalimu, juu ya mwamuzi ambaye hayupo. Mpaka leo naona aibu.

Uwanja wako haujambo. Uko vile vile ulivyouacha.

Nisalimie mwanao na mkewe.

Kofia


Alhamisi, 6 Juni

Kofia,

Marahaba. Makosa nimeyaona ila kalamu nyekundu huku hakuna, una bahati.

Mimi najua kilichotokea, na wewe unakijua. Ulitoka nyuma ya mdakaji kufuata mpira, ukazubaa njiani, mtoto wa watu akakuvaa. Kisha ukaona haya, ukamtafuta mtu wa kumsingizia, ukakosa, ukaamua kumsingizia hewa. Hukuwa hivyo nilipokuacha. Ulikuwa na kofia kubwa kuliko kichwa, lakini ukikosea unasema nimekosea.

Nakwambia tena maana naona umesahau. Ukiwa katikati, simama karibu na besi ya pili, hatua mbili kando ya njia ya wakimbiaji, upande wa ndani ya uwanja, uso uelekee ya tatu. Pale nilichimbia jiwe bapa chini ya majani. Ukilikanyaga unalisikia kwenye soli, huna haja ya kutazama chini. Miaka yote nimesimama juu ya jiwe lile. Nimetukanwa mpaka nikazoea, nimetupiwa chupa, kuna mama mmoja alinifuata hadi kituo cha basi na mwavuli. Lakini hakuna mkimbiaji aliyewahi kusema Mzee Hatua alikuwa njiani mwake. Hata mmoja. Wenzangu wamejaliwa nyumba na mashamba, mimi najivunia hilo.

Huku sijambo. Mwanangu anatoka asubuhi anarudi usiku. Mkewe ni fundi cherehani, anashona barazani, nami nakaa naye kwenye kiti changu nikisikiliza cherehani. Baada ya kula nasinzia. Ndiyo kazi yangu siku hizi, kusinzia, na ninaifanya vizuri.

Mzee Hatua


Jumapili, 9 Juni

Mwalimu,

Shikamoo. Umenionea, lakini sina hasira. Labda ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Jana nilikataa kutoka nyuma ya mdakaji. Niliweka miguu pale kama mti, liwe liwalo. Walimu walikuwa wanacheza na wa kiwanda cha mikate. Mwalimu wa hesabu akatoka besi ya pili, akafika pale pale alipofika Cheche, akaanguka chali. Nilikuwa namtazama, Mwalimu, sikupepesa. Hakukuwa na mtu mbele yake. Aliinuka ameshika paji la uso, akasema, "Samahani, baba."

Nilimfuata baada ya mchezo, nikamwuliza kwa upole. Alisema alimgonga mwanamume mzima mwenye shati la buluu, ananuka dawa ya kuchua ile yenye kafuri. Alidhani chama kimeleta mwamuzi mgeni.

Kuna na jingine. Baadaye mtu alikimbilia besi ya pili, mpira na mguu vikafika pamoja, kutoka nilipo sikuona vizuri. Nilikuwa bado nafikiri. Nikasikia, "Ametoka." Sauti nzito, ya taratibu, isiyo na haraka na mtu. Si mimi peke yangu niliyeisikia, maana yule mchezaji aliinama akatoka zake bila neno, na kocha wake akaandika. Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Watu walipoondoka nilikwenda pale wanapoangukia, nikapapasa kwa kiatu. Jiwe lako lipo hapo chini.

Naomba unijibu bila mzaha. Jumamosi mchana huwa unafanya nini?

Kofia


Alhamisi, 13 Juni

Kofia,

Marahaba. Jumamosi mchana nalala, nimeshakwambia.

Nilitaka kukuficha kwa kuogopa utacheka, lakini kwa kuwa umeuliza. Nikilala Jumamosi naota kazini. Siku nyingine hapana, Jumamosi tu. Si ndoto za ovyo za kuruka na kupotea. Nakanyaga jiwe langu, nasikia joto la jua shingoni, naona vumbi, naona mshono wa mpira ukizunguka. Wewe nakuona kule nyuma ya mdakaji, lile shati la kijivu halikupendezi. Naamka nina jasho na nina furaha ambayo sijaipata tangu nifike kwenye baraza hili. Wiki nzima nasubiri siku hiyo.

Tatizo ni wasichana. Sijui siku hizi makocha wanawafundisha nini. Wanakimbia vibaya, Kofia, wametoka nje ya njia kabisa, wanakuja moja kwa moja mpaka nilipo. Nasimama mahali pangu sahihi na bado wananivaa. Yule mwembamba alinipiga begani. Yule mwalimu alikuja na kichwa kifuani. Najua ni ndoto, lakini inakera. Waambie wafuate njia.

Bega linauma kidogo, ni uzee tu. Najichua mwenyewe na ile dawa.

Usimwambie mtu haya. Watasema mzee kaanza kuchanganyikiwa, wataninyima hata kalamu.

Mzee Hatua


Jumatatu, 17 Juni

Dada,

Hatujuani. Mimi ni fundi, mke wa mtoto wake Mzee Hatua. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha zako. Barua zako nimezisoma, unisamehe, au usinisamehe, nilikuwa sina njia.

Baba ana ubavu uliovunjika. Juzi Jumamosi alikuwa kwenye kiti chake hicho hicho, mimi nipo naye kama toka hapa mpaka mlangoni, napiga pindo la pazia. Amelala. Ghafla kiti kikarudi nyuma na kugonga ukuta, naye ndani yake, kama mtu amesukumwa na ng'ombe. Hakukuwa na mtu. Nilimkuta hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi. Nilipomfungua shati kifua kizima kilikuwa kimevilia damu, na begani kulikuwa na alama ya zamani ya kiwiko, imeanza kugeuka njano. Kumbe alikuwa akijichua mwenyewe huku ananificha.

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akamwuliza mume wangu nje, kwa sauti ya chini, nani anampiga mzee. Mume wangu alirudi ndani hanitazami usoni. Majirani nao wamesikia. Mteja wangu mmoja amekuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, eti ameahirisha shughuli. Mimi ninayemwogesha na kumkata kucha ndiye nimekuwa mpigaji.

Nimemwomba Baba asilale Jumamosi. Ananiitikia kama mtoto mwenye adabu, halafu naona anavyohesabu siku. Tangu juzi nimejaribu kahawa, nimejaribu redio, nimemkalisha kwenye kigoda kisicho na mgongo. Analala hata akiwa wima, na akilala anatabasamu.

Daktari kasema akipigwa tena pale pale, mfupa utaingia kwenye pafu. Nataka kujua mnamfanya nini huko.

Fundi


Jumatano, 19 Juni

Mwalimu,

Shikamoo, na pole. Mkweo ameniandikia, usimgombeze. Juzi Jumamosi aliyekuvaa ni Tofali, wa kiwanda cha mikate, yule anayebeba magunia ya unga. Alianguka akakaa chini muda mrefu akitazama mikono yake. Alikataa kuendelea kucheza siku ile.

Nilikudanganya katika barua ya kwanza. Uwanja hauko vile vile.

Ulipoondoka tu, idara ya maji ilijenga ghala upande wa besi ya tatu. Ukuta uliingia mpaka ndani. Tulipiga kelele, wakasema ardhi ni yao. Ikabidi uwanja mzima tuusogeze upande wa pili, besi zote na nyumbani, pale mpira unapopigiwa. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Sikukwambia kwa sababu nilikuona ulivyoaga besi zako siku ile, ukizipiga piga kwa kiganja, nikasema mzee huyu akisikia atakufa. Ilikuwa huruma ya kijinga.

Jiwe hatukuling'oa siku ile. Hakuna aliyelikumbuka. Mahali palipokuwa kando ya njia sasa ndipo njia yenyewe inapopita. Wasichana hawajatoka njiani, Mwalimu. Ni wewe uliye njiani.

Nimeandika sentensi hiyo nikalia, lakini siifuti.

Jumamosi hii hakuna mchezo. Tarehe 29 ni fainali, wauguzi na kiwanda cha mikate. Tofali atacheza. Wenzake wamemwambia akikutana na kitu tena asipunguze mwendo, apite nacho. Ijumaa, kabla ya Tofali kukuvaa, niliazima mtaimbo nikaling'oa jiwe. Kesho yake Cheche alikuja kufanya mazoezi, akapita pale, akakwepa. Bado unakuja.

Tafadhali usisimame hapo. Ukija, simama ndani zaidi. Au usije.

Kofia


Jumatatu, 24 Juni

Kofia,

Uwanja ule niliupima mimi. Nilikwenda na kamba na vigingi wakati pale ni kichaka, mgongo ukanikatika, watu wakinicheka kwamba nafyeka uwanja wa mchezo ambao hawajausikia. Nikajua kila shimo lake. Leo uniambie umesogezwa, na mimi nimesimama humo kila Jumamosi nisijue.

Nimeona ghala. Nilidhani ni ndoto inaongeza vitu, kama ndoto zifanyavyo.

Najua kwa nini unasema haya. Mke wa mwanangu amekutisha na huyo daktari wake. Mnataka nikae kwenye kiti. Kofia, kwenye kiti hiki hakuna anayeniuliza kitu. Chakula kinakuja, kinaondoka. Mwanangu ananisalimia akiwa anatazama simu. Kule mtu akifika besi ya pili pamoja na mpira, watu wote wananyamaza wanasubiri mimi niseme. Unataka niache hilo kwa sababu ya ubavu?

Sikumzuia mtu maisha yangu yote na sitaanza sasa. Jiwe nalisikia kwenye soli kama kawaida. Kama kweli umeling'oa, basi ninachokanyaga ni nini?

Nitakuja tarehe 29. Huyo Tofali afuate njia yake.

Mzee Hatua


Jumatano, 26 Juni

Fundi, dada yangu,

Pole kwa jina baya walilokupa. Nikipata nafasi nitakuja nimwambie huyo daktari mwenyewe, na mumeo pia.

Amekataa. Nilijua atakataa, ndiye aliyenifundisha kukataa.

Tulipokuwa wawili, yeye alikuwa mwamuzi mkuu, neno lake la mwisho. Sasa mkuu ni mimi. Mkuu anaweza kusimamisha mchezo na kumpumzisha mwenzake. Sijawahi kuona ikifanywa, na yeye hajawahi kufanyiwa. Itakuwa aibu kwake na kwangu, kuna watu watajaa pale na sijui watanionaje. Chama wakininyang'anya kazi baada ya hapo, wachukue.

Jumamosi usimzuie kulala. Usimwamshe, chochote utakachoona. Mtoe kwenye kigoda, mrudishe kwenye kiti chake, mwekee mto kifuani. Akiamshwa katikati sitakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Naogopa, dada. Naogopa sitamwona, nitaongea na hewa, na Tofali atapita.

Kofia


Jumapili, 30 Juni

Dada Kofia,

Yuko hai. Naanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Nilifanya ulivyosema. Alilala mapema, kabla sijamaliza kuosha vyombo. Mume wangu alikuwepo, nilimlazimisha, nikamwambia leo hutoki, leo utatazama kwa macho yako. Tulikaa naye. Miguu ya Baba ilikuwa inakaa sawasawa sakafuni, magoti yamekunjwa kidogo, mikono juu yake. Mara anasema "salama", mara anasema "ametoka". Mume wangu aliposikia hivyo mara ya kwanza alicheka. Baadaye hakucheka.

Kisha Baba akakaza mwili wote. Vidole vilishika mto. Nikajua anakuja huyo wa magunia. Nilitaka kumwamsha, mume wangu akanishika mkono.

Hapo Baba akageuza uso kushoto, kama mtu aliyeitwa. Akasikiliza kwa muda. Akasema, "Nimesimama mahali pangu." Akasikiliza tena. Akainamisha kichwa, macho yamefumbwa, akatazama chini kati ya miguu yake. Dada, sijawahi kuona sura ya mtu ikianguka namna ile. Hata siku ya msiba wa mkewe haikuwa hivyo.

Akainua mkono, akavua kofia ambayo hakuivaa, akaishika kifuani. Akasogeza miguu, wa kulia, wa kushoto, akiwa bado kwenye kiti. Kitu kikapita. Sijui nikwambie nini zaidi. Pazia nililokuwa nimelitundika lilipeperuka lote upande mmoja, na barazani hakukuwa na upepo. Hakikumgusa.

Aliamka ametulia kabisa. Akaomba maji. Mume wangu alipiga magoti akamvua viatu, kitu ambacho hajawahi kufanya, akabaki pale chini amemshika baba yake miguu.

Fundi


Jumatatu, 8 Julai

Kofia,

Mwanangu kanisomea gazeti, nimesikia kiwanda cha mikate wameshinda. Tofali alifika salama besi ya tatu kisha nyumbani. Gazeti limesema mchezo ulisimama kidogo kwa sababu zisizojulikana.

Watu walikucheka. Niliwasikia. Ulikuja kutoka nyuma ya mdakaji umeinua mikono miwili kusimamisha mchezo, Tofali akingoja besi ya pili, jua likikupiga usoni, unatembea polepole kama mtu anayemkaribia mbuzi aliyekatika kamba. Ulisimama pembeni yangu kidogo, si mbele yangu, ulikuwa hunioni lakini ulikisia vizuri. Ukasema, "Mwalimu, shikamoo. Nakupumzisha." Nikakwambia nimesimama mahali pangu. Ukasema, "Tazama chini." Mwamuzi hatazami chini, nimekufundisha mwenyewe, lakini sauti yako ilikuwa ya mkuu, nikatazama. Njia imekanyagwa na miguu ya wasichana wale mpaka ikawa nyeupe, na ilikuwa inapita katikati ya viatu vyangu.

Basi nilikuwa mimi. Mwambie Cheche, na yule mwalimu wa hesabu, na Tofali. Waambie Mzee Hatua alikuwa njiani mwao na anaomba radhi. Usiwaambie kanuni ya fidia.

Hukunigusa, hukunisukuma, hukunipigia kelele. Ulisubiri nivue kofia mwenyewe. Hakuna ambaye angeweza kunitoa vizuri zaidi, na nimekuchukia kwa hilo siku kadhaa, sasa imepungua. Ubavu unaunga. Daktari amemwomba radhi mkwe wangu, wateja wamerudi na vitambaa. Mwanangu siku hizi anakaa nami baada ya kula, anauliza habari za mchezo, ananisikiliza.

Juzi ilikuwa Jumamosi. Nilikula mapema, nikavaa viatu, nikakaa kwenye kiti nikafumba macho. Nilikuwa nimeshachagua pa kusimama, ndani zaidi, ambapo nisingemzuia mtu.

Nililala mpaka jioni. Nililala tu.

Mzee Hatua